Maji Yetu, Ndimu na Bikarbona



Sisi wa darasa la tano na la sita Biochimie tumeombwa tuandike kitu juu ya masomo yetu. Tumechagua maji, kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni ya ubaoni: Prof aliandika «solution tampon», na nusu ya darasa wakawaza ile tampo ya sekreteri, ile anayopiga juu ya bulletin kiisha kulipa minerval. Wengine walicheka, lakini wote tuliandika katika madaftari bila kuelewa. Sababu ya pili si mchezo. Katika enterna yetu kuna desturi ya kumeza bikarbona, na mwaka jana tuliona kwa macho namna asidi na bezi zinavyoweza kumweka mtu kati ya uzima na kufa. Tutafika huko. Kwanza maji yenyewe.

Hapa Kisangani hatukosi maji ya kutazama. Mto Kongo uko mbele yetu, Tshopo iko nyuma, mvua inanyesha karibu kila mwezi wa mwaka. Maji ya kunywa ndiyo shida. Bomba ikikauka, kila mtu anakwenda njia yake: huyu anatega maji ya mvua chini ya bati, huyu anakwenda kisimani Mangobo, mwingine anateremka mtoni na bidoni. Maji haya yote yanaitwa maji, lakini hayafanani hata kidogo. Maji ya Tshopo ukiyatia katika gilasi nyeupe utaona rangi ya chai hafifu. Rangi ile si uchafu wa watu. Ni majani na miti ya pori iliyooza, ikaacha ndani ya maji asidi za udongo, sawasawa na majani ya chai yanavyoacha rangi ndani ya sufuria. Mwaka 2023 watafiti wa Zürich, Uswisi, walitangaza kwamba mto Ruki, unaoingia Kongo pale Mbandaka, ni moja ya mito myeusi kupita yote duniani. Vitu vya pori vilivyoyeyuka ndani yake ni mara nne kuliko vile vya mto Kongo wenyewe. Basi sisi watu wa pori tunakunywa chai bila sukari.

Molekuli ya maji ina oksijeni moja na hidrojeni mbili, hii mnajua tangu darasa la tatu. Kile tusichokiwaza ni kwamba molekuli hizi hazitulii. Upande wa oksijeni unavuta elektroni, upande wa hidrojeni unabaki na upungufu, basi kila molekuli inashika jirani yake kwa mkono usio na nguvu sana, inaachia, inashika nyingine. Kwa sababu ya kushikana huku maji yanapanda ndani ya mti mrefu, yanapoza mwili kwa jasho, na yanayeyusha chumvi. Lakini katika kuvutana, mara moja moja hidrojeni inatoka kwa mwenyewe inahamia kwa jirani. Mmoja anabaki ioni OH⁻, mwingine anachukua H⁺. Katika maji safi kabisa jambo hili ni la nadra: mizani inakaa kwenye pH 7. Kitu kinachoongeza H⁺ tunakiita asidi. Kinachozimeza tunakiita bezi.

Mtu aliyetupa alama hii ya pH alikuwa Mdenmarki, Sørensen, mwaka 1909, na alikuwa akifanya kazi katika laboratwari ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen. Alitaka kupima asidi bila kuandika sufuri nyingi. Msisahau ya kwamba ngazi yake si ya kuhesabu moja moja. Maji ya pH 5 yana H⁺ mara kumi kuliko ya pH 6, na mara mia kuliko ya pH 7. Wengi wanaanguka egzamen hapo, wanaona tano na saba ziko karibu.

Sasa jaribio. Laboratwari yetu ina kabati na ufunguo, na ndani ya kabati karatasi za pH zilikwisha zamani. Tukatafuta rangi nyingine. Wengi walisema tutumie ngai-ngai nyekundu, ile ya kufanya kinywaji. Tuliikataa, kwani maji ya ngai-ngai yenyewe ni asidi kali: utapima nini na kitu ambacho tayari kimejaa asidi? Ndipo mwenzetu wa kike mmoja alisema, «Na ile maua mekundu ya lupango?» Yale maua makubwa mnayoyapita kila asubuhi, ya hibisiki, ambayo watoto wanasugulia viatu. Tukachuma, tukatia maji ya moto, tukapata maji ya zambarau. Ukitia ndimu yanakuwa mekundu. Ukitia maji ya majivu yanakuwa ya kijani. Tulipiga makofi.

Tukapanga gilasi tano juu ya meza nyuma ya jiko, kila moja maji kipimo kimoja na kijiko cha rangi. Ya kwanza maji ya mvua, ya pili ya kisima, ya tatu ya Tshopo, ya nne maji ya mvua yenye bikarbona kidogo sana, ile inayokaa kwenye ncha ya kisu. Ya tano maziwa ya unga yaliyokorogwa. Halafu tukachukua bomba ya sindano isiyo na sindano, tukadondosha maji ya ndimu tone kwa tone, mmoja anahesabu kwa sauti.

Maji ya mvua: tone moja, mekundu. Ya kisima: tone moja, na tuseme kweli, hata kabla ya tone yalikuwa yameanza kuelekea wekundu. Ya Tshopo: matone mawili. Yale ya bikarbona yalikuwa yamegeuka rangi ya kijani-buluu, na tone la kwanza halikufanya kitu. La pili, la tano, la kumi, povu dogo linapanda, rangi inakaa palepale. Watu wakaanza kupiga kelele kama kwenye mpira. Ni kwenye tone la ishirini na mbili tuliona rangi inatikisika, na kwenye thelathini na moja yakawa mekundu. Maziwa nayo yalimeza ndimu nyingi, kiisha yakaganda, na mama mpishi akauliza nani atalipa.

Hiyo ndiyo tampo, wandugu. Si muhuri. Mkivuka Lubunga, pale stesheni ya njia ya reli ya Ubundu, mtaona kwenye vichwa vya mabehewa vyuma viwili vya mviringo vyenye springi ndani. Behewa likigonga lingine, vyuma hivi vinameza pigo, na abiria haanguki. Wafaransa wanaviita vyuma vile kwa neno hilohilo, tampon. Ndani ya gilasi ya nne, kila H⁺ ya ndimu iliyoingia ilikutana na bikarbonati, zikaungana, zikawa asidi ya kaboni, na hiyo ikavunjika kuwa maji na gasi ya kaboni. Ndiyo lile povu. Pigo limemezwa. Bikarbonati ilipoelekea kwisha, matone machache tu yakabadili kila kitu.

Na maji yetu ya mvua na kisima hayana tampo. Udongo wa pori hili umeoshwa na mvua maelfu kwa maelfu ya miaka, chumvi zake zimekwenda baharini, na maji yanayopita ndani yake hayakuti cha kuchukua. Hata mvua safi si ya pH 7, kwani inashuka na gasi ya kaboni ya hewani na kufika karibu na 5.6. Ndiyo maana mkulima wa huku anachoma shamba: majivu yanaondoa asidi ya udongo kwa muda, miaka miwili mitatu, kiisha mvua inaosha tena naye anahama. Ziwa Kivu ni kinyume. Miamba ya volkano imelijaza bikarbonati, hata maji yake ya juu yanafika pH karibu na 9. Tone la ndimu mle lingecheka.

Mama zetu wanajua kemia hii bila kuiandika. Ngai-ngai ikiwa chungu sana kwa asidi, wanatia nini? Chumvi ya majivu au bikarbona. Maganda ya makemba yanachomwa, majivu yanatiwa ndani ya chujio, maji yanapitishwa juu, na kile kinachodondoka ni bezi yenye potasiumu. Inavunja asidi na inalainisha majani magumu. Bibi mmoja wa kartie ya Tshopo tulimwuliza anajuaje kipimo. Alijibu: «Naangaliaka rangi. Majani ikipoteza kijani yake, asidi ingali. Ikibakia kijani, nimemaliza.» Klorofili inapoteza manyeziamu yake ndani ya asidi na kuwa rangi ya udongo; hii iko katika kitabu chetu cha darasa la sita, ukurasa ambao hatujafika.

Basi tufike kwenye bikarbona ya enterna.

Wengi wetu tuna maumivu ya tumbo. Tunakula pilipili, tunakaa na njaa hadi saa nane, na usiku tunasema «tumbo inawaka». Pale sokoni bikarbona inauzwa katika vifuko vidogo, bei ya chini, na mtu anatia kijiko ndani ya maji, anakunywa, anatoa hewa, anasikia vizuri. Mwenzetu mmoja alituambia: «Mie nakunywaka kila siku, asubuhi na mangaribi, na sijafa.» Hakufa, ni kweli. Lakini tulipofika kwenye sura ya tumbo tulianza kuona jambo hili na macho mengine.

Tumbo linatoa asidi ya kloridriki, na pH ndani yake inateremka hata 2 au chini zaidi. Watu wanawaza kazi ya asidi hii ni kusaga chakula tu. Ina kazi nyingine kubwa: ni mlinzi wa mlango. Vijidudu vingi tunavyomeza na maji na matunda vinafia pale. Na kati ya vijidudu vyote, kile cha kipindupindu kinaogopa asidi zaidi ya wengi. Kinapenda bezi. Wanganga wa laboratwari wakitaka kukikuza wanakitilia maji ya chakula ya pH 8 na nusu hivi, ambamo vijidudu vingi vingine vinashindwa na chenyewe kinafurahi.

Jambo hili lilipimwa kwa watu. Katika miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, wanganga wa Maryland, Marekani, waliwapa watu waliojitolea vijidudu vya kipindupindu kwa hesabu. Bila kitu cha kuvunja asidi ya tumbo ilihitajika hesabu kubwa mno, mabilioni kwa mabilioni, kusudi ugonjwa uonekane. Walipotanguliza gramu 2 za bikarbonati, vijidudu milioni moja vilitosha kuwaangusha walio wengi. Someni tena sentensi hiyo mkiwa na kile kifuko mkononi.

Hatusemi bikarbona ni sumu. Jikoni ni nzuri, na mnganga akimpa mtu dawa ya tumbo anajua kwa nini. Tunasema: kuinywa kila siku bila kuulizwa, hapa Kisangani, katika miezi ya kipindupindu, ni kumfukuza mlinzi usiku wevi wakizunguka. Na wevi hawa tunawajua. Mwaka 2011 kipindupindu kilianza kupiga hapa Kisangani mwezi wa tatu, kikateremka na mto pamoja na masua na mitumbwi, bandari kwa bandari, Mbandaka, na mwezi wa sita kilikuwa Kinshasa. Wenye umri wa wazazi wetu wanakumbuka. Na tangu siku zile kimerudi Tshopo zaidi ya mara moja.

Wenzetu wa darasa la tatu waliposikia haya walikimbilia upande wa pili: basi tunywe ndimu! Na kuna kweli kidogo ndani yake. Katika Guinea-Bissau, wakati wa kipindupindu cha miaka ya 1990, watafiti waliona ya kwamba nyumba ambazo watu walitia maji ya ndimu ndani ya supu ya mchele ziliugua kidogo kuliko nyingine. Lakini ndimu ndani ya chakula ni jambo moja. Kudondosha ndimu mbili ndani ya bidoni ya lita ishirini na kusema maji yamekuwa safi ni jambo lingine. Maji sharti yachemshwe, au yatiwe klorini. Tena tusikie mtu mmoja alitaka kuchanganya ndimu na maji ya javeli yenyewe, yale makali ya chupa, ati iwe nguvu mara mbili. Asifanye hata siku moja! Asidi ikiingia ndani ya javeli inatoa gasi ya klorini, ile iliyoua askari katika vita ya 1914–1918. Javeli inatiwa matone machache ndani ya maji mengi, kwa kipimo kilichoandikwa, na kungoja nusu saa. Maji yetu ya huku, kwa kuwa si ya bezi, yanaisaidia klorini kufanya kazi vizuri. Haihitaji msaada wa ndimu.

Sasa tuandike lile la mwaka jana. Tumepata ruhusa ya mwenyewe, na jina lake hatulitaji.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua nyingi. Usiku, kama saa saba, mwenzetu wa darasa la nne aliamka mara ya kwanza kwenda choo. Kabla ya saa nane alikuwa amekwenda mara sita. Wale waliolala karibu naye walisema kilichotoka kilikuwa kama maji ya mchele. Hakulia na maumivu, hiyo ilitushangaza. Alisema tu, «Batu, nguvu inakwisha.» Kiongozi wa dortwari alikuwa amefundishwa kipimo: maji safi lita moja, sukari vijiko vidogo sita vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko. Tukamnywesha kikombe kwa kikombe, akitapika tunangoja kidogo tunaanza tena. Wawili walikwenda kumwamsha jirani mwenye toleka, kwani pikipiki saa ile hakuna. Alikuja bila kuvaa viatu, wala hakuuliza pesa.

Njiani mmoja wetu alikimbia kando akimshika mgongo. Ndiye aliyetuambia juu ya pumzi. Mgonjwa hakuwa akihema mbiombio kama mtu aliyekimbia. Alikuwa akivuta pumzi ndefu, ya ndani, moja kwa moja, kama mtu anayepanda mlima, na hali alikuwa amekaa tu. Macho yameingia ndani. Ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama.

Kwenye kituo cha matunzo mnganga hakungoja jibu la laboratwari. Alitafuta mshipa, akatia serumu, na akaifungua yote. Mmoja wetu alimwuliza kwa nini anapumua vile. Mnganga, akiwa na kazi mikononi, alijibu neno moja: «Asidi.» Kisha akasema, «Mtaelewa mkisoma.» Basi tulisoma.

Damu ya mtu inakaa kati ya pH 7.35 na 7.45. Nafasi hiyo ni ndogo sana. Ikiteremka hadi 6.8 mtu ni vigumu kuishi, kwani enzimu za mwili, moyo na mishipa vinaacha kutii. Na mwili wenyewe kila saa unatengeneza asidi: chakula kikichomwa kinatoa gasi ya kaboni, msuli ukikosa oksijeni unatoa asidi laktiki. Kinachoishika damu pale pale ni tampo, kwanza ile ile ya gilasi yetu ya nne:

CO₂ + H₂O ⇌ H₂CO₃ ⇌ H⁺ + HCO₃⁻

Hemoglobini na protini nyingine zinasaidia, kama maziwa yalivyofanya, na fosfati ndani ya seli. Lakini bikarbonati ndiyo mkubwa, milimoli 24 hivi katika kila lita ya plazma. Tena inapita gilasi yetu kwa jambo moja: gilasi ilikuwa imefungwa, lakini damu ina milango miwili. Mlango wa mapafu unatoa gasi ya kaboni, nao unaweza kufunguliwa zaidi kwa dakika chache. Mlango wa figo unatoa asidi na kurudisha bikarbonati, lakini huo ni wa polepole, saa nyingi na siku.

Sasa kipindupindu. Sumu ya kijidudu kile inafungua matumbo kama bomba iliyovunjika. Mtu mkubwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Na maji yanayotoka si maji matupu, yanabeba sodiumu, potasiumu, na bikarbonati nyingi sana, kuliko ile ya damu. Tampo inamwagika chooni. Wakati huo huo damu imekuwa nzito, haifiki vizuri kwenye misuli, asidi laktiki inaongezeka, na figo zimefunga kazi kwa kukosa maji. Mlango mmoja umebaki. Ile pumzi ndefu tuliyoiona juu ya toleka ilikuwa mwili unajaribu kutoa asidi kwa njia ya pekee iliyobaki, ukifukuza gasi ya kaboni kusudi ile mizani irudi kushoto na kumeza H⁺. Rafiki yetu alikuwa akipigania pH yake, na hakujua.

Mambo haya yalionekana mapema sana kuliko tulivyodhani. Mwaka 1831 kipindupindu kilipofika Uingereza, kijana mnganga O'Shaughnessy alipima damu ya wagonjwa akaona imepoteza maji, chumvi na bezi yake. Mwaka uliofuata Thomas Latta, kule Scotland, aliwatia wagonjwa mishipani maji yenye chumvi na soda, na wengine waliokuwa karibu kufa walikaa kitandani wakazungumza. Wakubwa wa udaktari hawakufuata, na njia ile ikasahauliwa kwa miaka mingi. Hili linatukasirisha kidogo, tuseme wazi.

Kwenye mfuko wa serumu wa mwenzetu tulisoma «Ringer lactate». Hapo Prof alipata shida nasi. Laktati? Si ndiyo ile ya asidi laktiki? Mtu ana asidi nyingi halafu mnamwongezea ndugu ya asidi? Swali hili lilikaa wiki mbili, na mwenyewe aliyekuwa mgonjwa, aliporudi darasani mwembamba kama ufito, ndiye aliyelisukuma zaidi, kwani ilikuwa ndani ya mishipa yake. Jibu liko katika kutofautisha asidi na chumvi yake. Ndani ya mfuko ule H⁺ ya asidi imekwisha ondolewa, mahali pake pana sodiumu. Ini linapoichoma laktati, linahitaji kuchukua H⁺ kutoka kwa damu, na kinachobaki mwishoni ni bikarbonati. Mnganga wa Marekani Hartmann ndiye aliyeiongeza katika maji ya Ringer, miaka ya 1930. Ni kama kutuma bikarbonati katika gunia lililofungwa, ifunguliwe nyumbani.

Katika pakiti za poda ya kukoroga, zile za bure kwenye dispanseri, utaona sitrati mahali pa laktati. Hesabu yake ya sasa kwa lita moja ni glukozi gramu 13.5, chumvi ya jikoni 2.6, kloruri ya potasiumu 1.5, sitrati ya sodiumu 2.9. Zamani walitia bikarbonati yenyewe, lakini ndani ya joto na unyevu wa nchi kama yetu poda iliharibika, na sitrati inadumu. Sitrati inatoka kwa asidi ya ndimu, nayo pia ikichomwa mwilini inakuwa bikarbonati. Kwa hiyo ndimu inaweza kuwa asidi mdomoni na bezi katika damu, jambo ambalo lilitupa kelele ya nusu saa. Kipimo chetu cha sukari na chumvi hakina sitrati wala potasiumu; kinamshikilia mtu njiani, hakimalizi kazi.

Na nguvu ya poda hii si maneno. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa vita ya Bangladesh, mnganga Mahalanabis aliishiwa na serumu, akawakoroga wagonjwa maji ya glukozi na chumvi katika mapipa. Vifo vilikuwa karibu 30 kwa mia. Kwa wale wake vikateremka hadi chini ya 4. Na Goma, mwezi wa saba 1994? Wakimbizi wa Rwanda walikuwa wengi mno, maji yao yalikuwa yale ya Ziwa Kivu bila kusafishwa, matunzo yalikuja nyuma. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa kuhara. Tofauti ya hesabu hizi mbili ni maji, chumvi na bezi vilivyofika au visivyofika kwa saa yake.

Mwenzetu alipata kama lita tano katika saa tatu za kwanza, kwani kipimo ni mililita 100 kwa kilo moja ya mwili, na alikuwa na kilo 50. Aliyekaa naye anasema ile pumzi ndefu ilianza kufupika kabla hakujapambazuka, hata kabla macho hayajarudi mahali pake. Kwetu hicho ndicho kipimo cha pH tulichokiona wazi kupita maua yote.

Tangu hapo, katika dortwari kuna sanduku moja lenye pakiti kumi za poda, javeli na kijiko cha kupimia. Ufunguo unashikwa na watu wawili, mmoja wa darasa la tano, mwingine wa la sita, na asionekane mtu kufungua kwa kutafuta sukari. Bikarbona imepelekwa kwa mama mpishi. Wenye tumbo la kuwaka wanaombwa waende dispanseri, na mmoja alikwenda, akapewa dawa ya vidonda vya tumbo kweli.

Jaribio la matone tutalifanya tena Jumatano saa nane, nyuma ya jiko, kwa wale wa darasa la tatu na la nne. Tutaongeza gilasi ya maji ya mkojo, msicheke, kwani figo nazo zina tampo ya fosfati, na tunataka kuhesabu. Kila mtu alete ndimu moja. Maua msichume ninyi; tutachuma sisi, maana mlinzi wa lupango amekwisha lalamika kwa Prefe.

Wanafunzi wa 5ᵉ na 6ᵉ Biochimie